Rangi gani za maandishi zinasomeka kwenye terminali nyeusi na nyeupe pia?

Mwana_Langoni:
Assalaam alaykum jamaa. Niko Amu mjini, naomba ushauri wa rangi.

Nimeandika programu ndogo kwa Python ya kusajili mizigo inayovuka kwa boti kutoka Mokowe kuja huku. Haina madirisha wala vitufe, ni ya kuandika kamandi tu kwenye terminali, ile skrini ya maandishi matupu, kwa sababu laptopu za pale ofisini ni kuukuu na hazibebi vitu vizito. Mzigo uliofika unaandikwa kwa kijani, uliokwama Mokowe kwa nyekundu, deni kwa njano, namba ya risiti kwa buluu.

Terminali yangu ni nyeusi. Njano inang'aa, ila buluu inanitesa, namba ya risiti mpaka niinamie skrini ndiyo niisome. Karani yeye ameweka nyeupe. Mlango wa ofisi unatazama bahari, asubuhi jua linaingia lote, na skrini ikiwa nyeusi haoni kitu ila sura yake. Kwake buluu iko safi kabisa, lakini njano haipo. Mteja mmoja amechukua mabati yake akaenda zake na deni halijalipwa, kwa kuwa ule mstari wa deni haukuonekana.

Je, kuna rangi zinazosomeka pande zote mbili? Au niandike programu mbili?

Fundi_Shela:
Waalaykum salaam ndugu yangu. Macho ya karani hayana kasoro, hiyo ni hesabu.

Wanaoshughulika na usomekaji wa kurasa za intaneti wana kipimo cha kulinganisha mwanga wa maandishi na mwanga wa rangi iliyo nyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, na maandishi ya kawaida yanatakiwa yasipungue 4.5 kwa 1. Sasa tazama: njano kamili juu ya nyeupe inapata 1.07, yaani karibu sawa na kuandika nyeupe juu ya nyeupe. Buluu kamili juu ya nyeusi inapata 2.44. Sababu ni kwamba jicho halizipimi rangi sawasawa. Katika fomula ya mwanga kijani ina uzito wa 0.7152, nyekundu 0.2126, na buluu 0.0722 tu. Njano ni nyekundu na kijani kwa pamoja, ndiyo maana inakaribia weupe wenyewe.

Rangi ya kufaa pande zote mbili ipo kwa hesabu, lakini mlango wake ni mwembamba mno. Kipeuo cha pili cha 21 ni kama 4.58, kwa hiyo hata ukilenga katikati barabara unapata 4.58 huku na 4.58 kule, basi. Ukisogea kidogo tu, upande mmoja unashuka chini ya 4.5. Kwa karani aliyekaa juani hiyo haitoshi. Mimi nisingeitafuta.

Binti_Mkomani:
Naongezea kwa Fundi, maana kuna jambo kubwa zaidi. Kaka, wewe hutumi njano. Unatuma namba 33, msimbo wa kuiamuru terminali, na maana yake ni "tumia rangi ya tatu ya jedwali lako", kuhesabu kuanzia sifuri. Jedwali ni la terminali, na mwenye terminali anaweza kulibadilisha atakavyo. Zile rangi nane, 30 mpaka 37, na ndugu zake za kung'aa, 90 mpaka 97, hazina sura moja duniani. Buluu ya Windows ya zamani ilikuwa nzito hivi kwamba mwaka 2017 Microsoft wenyewe waliibadilisha ili isomeke juu ya nyeusi. Kwa hiyo hesabu za Fundi ni za rangi kamili, na kwenye laptopu ya karani huenda njano ni nyingine kabisa.

Kuna mtego ambao wengi hawaujui. Mpangilio wa rangi uitwao Solarized, wa mwaka 2011, umechukua baadhi ya zile nafasi za kung'aa ukaweka kijivu. Mtu akitumia Solarized ya giza, namba 90 ni rangi ile ile ya nyuma. Programu nyingi huandika maelezo madogo kwa 90 zikidhani ni kijivu hafifu. Kwake maelezo hayo yametoweka, na yeye hajui hata kama yapo.

Ushauri wangu: maandishi ya kawaida usiyape rangi yoyote. Terminali ni nyumba ya mtu na mwenyewe ameshachagua rangi mbili anazoziona vizuri, basi zitumie hizo. Namba ya risiti iandike kwa herufi nene, namba 1, au ipigie mstari chini, namba 4. Kijani na nyekundu ziache kwa neno moja la hali ya mzigo, si mstari mzima. 30 na 37 usiziguse zikiwa peke yake, maana moja itamezwa na nyeusi na nyingine na nyeupe. Na ukimaliza funga kwa 0, rangi isimwagikie mstari unaofuata.

Tahadhari moja ya herufi nene: terminali nyingine zikiona nene pamoja na rangi hubadilisha rangi ikawa ya kung'aa. Njano nene juu ya nyeupe inaweza kuwa mbaya kuliko njano tupu.

Mtu_wa_Pate:
Mbona mnazunguka? Weka rangi ya nyuma wewe mwenyewe. Programu ikianza tu, skrini nzima nyeusi, maandishi ya njano, umemaliza.

Binti_Mkomani:
Hapana kaka. Karani ameweka nyeupe kwa sababu ya jua. Ukimrudishia nyeusi umemwondolea kitu pekee kinachomfanya aone. Tena rangi ya nyuma ikifika mwisho wa mstari na skrini ikapanda, kwenye terminali nyingine inajaza mpaka ukingoni na kwenye nyingine inakatika katikati. Utapata mabaka.

Ila wazo lako linafaa kwa kitu kidogo. Kwa neno DENI peke yake, weka rangi mbili kwa pamoja, maandishi meusi juu ya njano, 30 ya maandishi na 43 ya nyuma. Hapo njano haitegemei tena kilicho nyuma yake, imebeba nyuma yake yenyewe. Kanuni ninayoifuata ni hiyo: ama usiweke rangi ya nyuma na utumie rangi za maandishi zinazovumilia kote, ama weka zote mbili. Kuna pia namba 7 inayogeuza rangi mbili za mwenyewe, ya mbele ikawa nyuma. Hiyo ndiyo salama kuliko zote, maana kama anasoma kawaida basi atasoma na iliyogeuzwa.

Msomaji_Mtulivu:
Naomba nami niseme. Mimi sitofautishi nyekundu na kijani. Kwangu mzigo uliofika na uliokwama utakuwa na sura moja. Na siko peke yangu, hali hii hurithiwa na wanaume wanayo zaidi ya wanawake, kwa hiyo katika makarani, mabaharia na wachukuzi wa pale gatini hutakosa mmoja. Tafadhali andika neno. UMEFIKA. UMEKWAMA. Rangi ije juu ya neno, isishike nafasi ya neno. Nimewahi kutumia programu iliyoweka kitone tu cha rangi mbele ya jina, na kila mara ilinibidi nimwite mtu aniambie ni kipi.

Mwana_Langoni:
Nimekuelewa vizuri ndugu yangu, na nashukuru umesema. Neno litakuwepo.

Je, programu haiwezi kuiuliza terminali rangi yake ya nyuma kisha ijichagulie?

Fundi_Shela:
Inaweza. Terminali nyingi zinajibu ukizitumia ombi la namba 11 (OSC 11, si katika zile namba za rangi), zinarudisha rangi kwa viwango vya nyekundu, kijani na buluu. Nyingine, kama rxvt na Konsole, huacha habari kwenye kigeu cha mazingira, yaani thamani yenye jina ambayo programu yoyote inaweza kuisoma, kiitwacho COLORFGBG. Lakini kuna zisizojibu kabisa, na programu yako itakaa inasubiri. Na ukiingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali kupitia mtandao, kwa SSH, kigeu hicho kwa kawaida hakikufuati. Kwa programu ya mizigo sioni faida. Mpe karani chaguo kwenye faili ya mipangilio: giza, mwanga, au bila rangi. Atalichagua mara moja.

Na hili la bila rangi lifanye vizuri. Kuna desturi tangu 2017: kigeu NO_COLOR kikiwepo na si kitupu, programu isiongeze rangi. Pia angalia kama unaandika kwenye terminali kweli au kwenye faili. Kwa Python ni sys.stdout.isatty(). Usipoangalia, karani akihifadhi orodha ya siku kwenye faili atakuta hivi:

^[[33mDENI^[[0m mabati 20

ls, kamandi ya kuorodhesha faili, na git, ya kutunza matoleo ya programu, zote zina hali ya auto inayofanya hivyo hivyo, rangi kwenye skrini, maandishi matupu kwenye faili.

Mwana_Langoni:
Nimerudi. Nimeondoa rangi kwenye mistari yote, nikabakisha neno la hali tu. Mstari sasa unatoka hivi:

0417 mabati 20 UMEFIKA DENI

Namba ni nene bila rangi, UMEFIKA ni kijani, DENI ni nyeusi juu ya njano. Karani ameifungua asubuhi mlango ukiwa wazi na amesoma DENI akiwa amesimama upande wa pili wa meza. Ila kijani anasema bado ni hafifu kwenye nyeupe.

Swali la mwisho: nitumie lile jedwali refu la terminali lenye rangi 256 nichukue kijani kizito zaidi?

Binti_Mkomani:
Usifanye hivyo. Namba 16 mpaka 255 kwa kawaida hazifuati jedwali la mwenyewe, kwa hiyo kijani kizito kitakachomfaa karani kitakuzamia wewe kwenye nyeusi. Afadhali umfungulie mipangilio ya terminali yake, nafasi ya kijani, aipunguze mwanga mpaka aridhike. Programu nyingine zote anazotumia zitapona pamoja na yako. Na UMEFIKA ndiyo hali ya kawaida ya mzigo, ungeweza kuiacha bila rangi kabisa, rangi ukaiweka kwa UMEKWAMA na DENI tu.

Mwana_Langoni:
Nimeiondoa kijani. Orodha ya leo ina mizigo mingi na iliyobaki na rangi ni minne, yote ya kufuatilia. Ahsanteni sana.