Waliokoka 41 kisiwani, wiki sita baadaye nimewakuta watatu. Tuendelee na uinjilisti au tupaue kanisa?

Katibu_Uinjilisti:
Shalom wapendwa, na wakuu wengine wote habari za mchana.

Mimi ni katibu wa idara ya uinjilisti kwenye kanisa dogo huku Kanda ya Ziwa, upande wa Mwanza. Jina la kanisa tuliache. Waumini hatufiki 120, watoto wakiwemo, na jengo halijapauliwa. Mvua ikinyesha ibada yote inahamia kona moja chini ya turubai.

Mwezi wa sita tulikwenda kisiwani, kwenye mwalo wa wavuvi wa dagaa. Boti ya kukodi, jenereta, spika nne, siku tatu. Jumla shilingi 1,800,000. Kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri kila jioni, watu 41 wakaongozwa sala ya toba. Majina niliandika mwenyewe kwenye kauntabuku. Jumapili ripoti ikasomwa, vigelegele mpaka nje.

Wiki sita baadaye nimerudi peke yangu, kwa nauli yangu. Nimewakuta watatu: akina mama wawili wanaoanika dagaa, na kijana mmoja aliyebaki kambini kwa sababu ya malaria. Wengine "wamehama". Wamehamia wapi? Kila niliyemuuliza alininyooshea kidole upande wake wa ziwa.

Jumamosi hii kuna kikao cha wazee. Hoja iliyopo ni kwamba laki tisa iliyobaki kwenye fungu la uinjilisti iende kwenye mabati. Mzee mmoja ameshaniambia mbele za watu, "ile hela tulikwenda kuwapigia wavuvi muziki." Imeniuma kwa kuwa sina la kumjibu. Habari za kondoo mmoja kati ya mia nazijua, Luka 15 naihubiri mwenyewe. Lakini na mabati si dhambi. Nikasimamie lipi kikaoni? Matusi hapana, tafadhali.

Geji_28:
Paueni kwanza. Huyo mgeni mkishamleta mtamkalisha wapi? Na msikubali kuuziwa mabati membamba ya geji 32, upepo wa ziwa utayabeba yote.

Nimevua_Miaka_9:
Mkuu, swali moja. Mlikwenda mwezi ukiwa umefikia wapi?

Nauliza kwa sababu dagaa anavuliwa gizani, anafuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, ndipo tunapumzika, wiki hivi na wakati mwingine zaidi. Nyie kama mlikwenda siku za giza, jioni mnayowasha spika ndiyo mitumbwi inaingia majini. Wanaobaki ufukweni ni watoto, wagonjwa na waliolewa. Asubuhi tunatoka ziwani macho mekundu, tunataka kulala, na nyie mnapima maiki, "moja mbili, moja mbili".

Halafu kuhusu hao 41. Mimi nimeokoka mara nne kwenye mialo minne. Sikuwa natania, nilinyoosha mkono kwa moyo wote. Kesho yake tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anasema dagaa wamekata, tunahama, unakunja godoro unapanda. Hakuna mhubiri hata mmoja aliyewahi kuniuliza tajiri wangu ni nani. Pembeni ya jina langu ungeandika jina la tajiri na namba ya mtumbwi, ungenipata tu. Mtumbwi una namba, mvuvi hana.

Aliyenipata mwishowe ni mzee mmoja fundi nyavu. Tulihama naye. Mchana anashona, anakuomba umshikie uzi, anakusimulia Petro alivyovua usiku kucha asipate kitu. Hakuwahi kuniambia ninyooshe mkono.

Katibu_Uinjilisti:
Nimecheka, kisha nikanyamaza. Tarehe tulipanga kwa kufuata ratiba ya kwaya. Mwezi hakuna aliyeuwaza.

Mtoto_wa_Kota:
Wavuvi wana hela kuliko nyie, waombeni wao ndio wawapaulie 😂

Nimevua_Miaka_9:
@Mtoto_wa_Kota hela tunayo siku mbili tu. Siku ya tatu tunakopa sigara.

Mjukuu_wa_Bukoba:
Bwana asifiwe mtumishi. Bibi yangu aliokoka kwenye uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika kwetu Kagera. Kwa alivyokuwa akisimulia, walikuja watu wa kawaida, wakulima na walimu, wawili wawili, wakitubu hadharani mambo yao wenyewe. Mtu akirudisha jembe aliloiba, kijiji kizima kinauliza kulikoni. Na baada ya hapo walikutana kila wiki, wanaulizana hali ya roho kama watu wanaoulizana hali ya mgonjwa. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Walutheri duniani, alilelewa na uamsho huo.

Kwa hiyo usikubali swali lile liwe "uinjilisti au mabati". Mlichofanya ni mkutano. Mikutano ina nafasi yake, siibezi, lakini nyie mliishia hapo.

Salum_Mwaloni:
Mimi Muislamu, napita tu. Mkija huku pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa BMU, kile kikundi kinachosimamia mwalo. Kuna kundi lilielekeza spika msikitini wakati wa Isha. Hakuna aliyegombana nao, ila hakuna aliyewasikiliza pia.

Mwaka juzi alizama kijana mmoja, kwao hakuna anayepajua, kitambulisho hana. Kulikuwa na mhubiri wenu hapo, wa kutembea kwa miguu, ana begi tu. Akachimba kaburi na sisi, akakesha. Huyo mpaka leo akishuka kwenye boti anapewa samaki kabla hajafungua mdomo.

Mhasibu_Mstaafu:
Tuache hisia, tushike kalamu. 1,800,000 kwa siku tatu ni laki sita kwa siku. Fedha hiyo hiyo ukiigawa kwa miezi 12 ni 150,000 kila mwezi: nauli za boti ya abiria kwa watu wawili, chakula, vocha. Mlichonacho sasa, laki tisa, ni miezi sita ya namna hiyo. Je, laki tisa itamaliza paa? Haimalizi. Mwambie yule mzee hivyo, kwa adabu, na karatasi mkononi. Wazee wa kanisa wanaheshimu karatasi.

Mama_Dagaa:
Mwanangu, nimesoma yote nikasikitika kidogo. Hao akina mama wawili umewataja kama makombo. Sisi ndio tusiohama! Kijana anakuja anaondoka, lakini wote wanapita kwangu. Wananiachia simu nichaji, wananiachia hela niwatunzie wasizinywe, wakiumwa nawapikia uji. Najua nani anatokea Kigoma na nani amemkimbia mkewe Musoma. Yule mama wa Samaria pale kisimani aliuita mji mzima, na hakuwa na spika.

Uliwauliza wanahitaji nini?

Katibu_Uinjilisti:
Mama shikamoo. Niliwauliza. Mmoja aliomba Biblia ya maandishi makubwa, macho yamechoka kwa moshi. Mwingine aliomba tusiwe tunakuja na kuondoka. Sikuandika kwenye ripoti kwa sababu haikuwa namba.

Mama_Dagaa:
Marahaba. Basi anzia hapo.

Geji_28:
Haya, nimelegea. Lakini turubai nalo linazeeka, msije mkasema sikuwaambia.

Katibu_Uinjilisti:
Mrejesho wa haraka kabla ya kikao. Nimeandaa karatasi ya mhasibu: watu wawili, miezi sita, kila mwezi unapokuwa mkubwa, bila jenereta. Biblia ya mama nimenunua mwenyewe. Mabati nitaomba tuyafanyie harambee yake.

Na asubuhi hii yule kijana wa malaria amepiga simu. Amepona, anasema Jumatatu wanahama, hajui wanakwenda kisiwa gani. Nimemuuliza tajiri wake ni nani na mtumbwi wao namba ngapi. Akashangaa, "za nini, mtumishi?" Nimeshaziandika.