Nimelipia bati la geji 28, nimeezekewa geji 30, na fundi hapokei simu

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa sebuleni kwangu Kibaha, mabeseni manne yakiwa yamepangwa sakafuni kufuata mahali dari linapovuja, katika nyumba ambayo paa lake halijatimiza miaka miwili. Sikuja kuomba pole. Ninamlalamikia kwanza fundi aliyeniezekea, kisha utaratibu mzima tuliouzoea wa kumwachia mtu mmoja aandike orodha ya vifaa, achague duka, apokee mzigo na apigilie misumari, halafu tunashangaa anapotuibia.

Mimi ni mwalimu na kituo changu cha kazi kiko Songea. Kama watumishi wengi, nimejenga kwa simu: mshahara ukiingia natuma, picha zinarudi, likizo ikifika nakwenda kuangalia. Msingi na kuta zilisimamiwa na mjomba wangu, Mungu amrehemu, na hazina ufa hata mmoja. Ilipofika hatua ya kupaua nikaelekezwa kwa bwana mmoja aliyejiita mkandarasi, mwenye kadi ya biashara, fulana zenye jina la kampuni, na simu iliyojaa picha za mapaa ya kila rangi. Nilikwenda kuiona nyumba moja aliyoipaua maeneo ya Picha ya Ndege, nikaitazama kutoka barabarani, nikaridhika. Sikubisha hodi kumuuliza mwenye nyumba kama vuli iliyopita alilala pakavu. Swali hilo moja lingeniokolea zaidi ya shilingi milioni kumi.

Wala sikumwuliza namba ya usajili. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ipo kwa mujibu wa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997, na mkandarasi wa majengo aliyesajiliwa huwa na daraja lake, kuanzia la kwanza hadi la saba. Huyu hakuwa na daraja lolote. Sisemi kwamba kila fundi asiyesajiliwa ni mwizi, maana nyumba nyingi za mitaani kwetu zimejengwa na mafundi wa aina hiyo na zinasimama vizuri, lakini mtu anayejiita mkandarasi bila kuwa mkandarasi amekwisha kudanganya kabla hajapanda ngazi.

Nilipomwomba tuandikishane, alicheka kwa upole kabisa akasema, “Mwalimu wangu, sisi tumeshakuwa ndugu, karatasi za nini tena?” Nami, kwa aibu ya kuonekana mtu wa mashaka, nikanyamaza. Tulikubaliana kwa mdomo ufundi shilingi 1,800,000, nikamtangulizia 1,500,000 kwa simu. Orodha ya vifaa aliiandika yeye, duka alilichagua yeye, na jumla yake ikawa shilingi 8,600,000, fedha ambayo nusu yake ilikuwa mkopo wa benki ninaoendelea kukatwa kwenye mshahara hadi leo.

Nianze na bati. Risiti ninayo, na imeandikwa geji 28. Mvua za vuli ya kwanza zilipoanza kuvuja nilidhani ni misumari tu, lakini nilipofika likizo nikapanda darini na tochi, nikasoma maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe: geji 30. Kwa wasiojua, namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 huwa na unene wa karibu milimita 0.4, na geji 30 hushuka hadi karibu milimita 0.3. Ukiwa chini huwezi kuona tofauti hiyo kwa macho, hasa bati likiwa la rangi. Fundi anaiona, mwenye duka anaiona, dereva aliyeleta mzigo anaiona, na wote watatu wamekaa kimya kwa sababu kila mmoja ana cha juu chake. Bei niliyotozwa ni ya bati nene.

Mbao ndizo zilizoniumiza zaidi, kwa sababu mbao nazifahamu. Basi la kutoka Songea hupita Njombe na Mafinga, na kila safari ninaona malori yaliyosheheni mbao za paini na yadi zilizopangana kandokando ya barabara, kwa hiyo hakuna aliyepaswa kunifundisha mbao iliyotiwa dawa inavyofanana. Inakuwa na ukijani. Hapo ndipo niliponaswa, kwa kuwa zilizoletwa kwangu zilikuwa za kijani kweli. Nilipokata kipande kimoja cha papi, yaani mbao inayopigiliwa bati, baada ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kuanza kupinda, nikakuta ukijani umeishia juu kabisa kwenye ngozi ya mbao, na ndani ni nyeupe kama siku ilipopasuliwa. Dawa halisi husukumwa kwa mgandamizo ikazama ndani ya mbao. Hii ilikuwa imepakwa tu kama rangi. Tena zilikuwa mbichi, na mbao mbichi ikikaukia juu ya ukuta hujikunja inavyotaka, inavuta misumari, na bati linafuata. Mchwa nao hawakuchelewa, wako kwenye kenchi mbili upande wa jikoni.

Kazi yenyewe sasa. Misumari ya bati imepigiliwa bondeni badala ya mgongoni, yaani mahali maji yanapopita, na mingi haina mpira. Mingine imekosa papi kabisa, inaning’inia darini kama vipuli. Tulikubaliana kenchi zikae futi nne kwa futi nne. Nimepima mwenyewe kwa futi kamba, kuna mahali ni futi tano na inchi nane, na bila shaka kenchi zilizopungua zilipata mnunuzi. Kwenye vali, pale pande mbili za paa zinapokutana na maji mengi hukimbilia, ameunganisha vipande vifupi vilivyopandana kwa upana wa vidole vitatu, na hapo ndipo jipsamu ya sebuleni ilipodondokea wakati wa masika, usiku, kwenye kiti anachopenda kukaa mama yangu. Alikuwa amekwenda kulala dakika chache kabla.

Vyuma ambavyo marehemu mjomba aliviacha vimechomoza kwenye mkanda wa juu, yaani zege linalozunguka juu ya kuta, makusudi ili vifunge mbao ya ukutani, vimekatwa. Vyote. Nilimwuliza kwa nini, akajibu kwamba vilikuwa vinamsumbua. Paa langu limekaa juu ya ukuta kwa uzito wake lenyewe, na upepo wa Machi ulikwisha kuinua kona ya baraza.

Alipokuwa bado anapokea simu, alikuja mara moja akapaka lami kwenye matundu manne, akaniomba nauli. Baada ya hapo nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akamwandikia barua ya wito, akaja akiwa mnyenyekevu sana, akaahidi mbele ya mashahidi kwamba atabadilisha vali na misumari ndani ya wiki mbili. Hizo wiki mbili zimekuwa miezi saba. Polisi waliniambia hilo ni suala la madai, si jinai. Mwenye duka ananiambia mteja wake ni fundi, kwa hiyo nimalizane na fundi, ingawa risiti ina jina langu na fedha ilitoka kwangu kwenda kwake moja kwa moja.

Ninajua wapo watakaoandika hapa chini kwamba ningesimamia mwenyewe. Niliomba ruhusa nikapewa siku tatu, na siku hizo tatu kazi ilikwenda vizuri ajabu: upande ule niliokuwepo, misumari iko mgongoni na ina mpira. Maana yake alikuwa anajua kazi. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwa kuwa asiyejua ningemsamehe. Na tangu lini uaminifu wa fundi ukawa jukumu la mwenye nyumba kusimama juani na kuulinda? Daktari hasimamiwi na mgonjwa, na mimi wazazi hawakai dirishani kuangalia kama nafundisha.

Safari hii vifaa nitanunua mimi, katika duka ambalo fundi halijui. Bati nitalisoma maandishi yake kabla halijashuka garini, na kipande cha mbao kitakatwa mbele yangu nione dawa imezama kiasi gani. Ufundi nitaulipa kwa hatua: baada ya kenchi kusimama na kufungwa, baada ya bati kulala, na sehemu ya mwisho, isiyopungua robo, baada ya mvua kubwa ya kwanza kunyesha. Mafundi wawili nimekwisha kuwaeleza masharti haya; mmoja alikata simu, wa pili akaniuliza kama nina ugomvi na watu.

Sasa naomba msaada wa mambo mawili. Kuna mwenzangu kazini aliyenikumbusha kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi. Kama yupo aliyefungua shauri la namna hii Mahakama ya Mwanzo akiwa na jumbe za malipo ya simu na picha tu, bila mkataba wa maandishi, anieleze alivyoendelea na ilimchukua muda gani. La pili, ninahitaji fundi wa kupaua wa Kibaha au Mlandizi, ila anayempendekeza awe yeye mwenyewe ameishi chini ya paa la huyo fundi kwa masika moja kamili. Niko hapa hadi shule zitakapofunguliwa Januari.