Moduli za X10 zinatii asubuhi na kugoma jioni: nyumba ya umeme wa njia tatu, Uyole

Mwalimu wa Uyole

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nyumba yangu ipo Uyole, Mbeya, na ina umeme wa njia tatu, yaani fezi tatu, kwa sababu aliyeniuzia alikuwa na mashine ya kusaga uani. Mdogo wangu anayeishi Uingereza aliniletea seti ya X10, yaani vifaa vya kuwasha na kuzima taa na vyombo vya umeme kwa mbali, aliyokuwa akiitumia kwake: kituma ishara kimoja chenye vitufe, moduli sita za kuchomeka kwenye soketi, na mbili zaidi za kupunguza na kuongeza mwanga wa taa. Plagi zake ni za pini tatu bapa kama zetu na vyote vimeandikwa volti 230, hezi 50, hivyo sikuhitaji adapta wala transfoma. Kilichonivutia zaidi ni kwamba amri hupita katika nyaya zile zile za umeme, na sikulazimika kuchimba ukuta.

Sasa shida zangu. Moduli za sebuleni na barazani hutii tangu alfajiri hadi jua linapozama, lakini ikifika saa moja usiku naweza kubonyeza mara tano bila taa kuwaka. Vyumba viwili vya uani havijaitikia hata siku moja, ingawa moduli zake nikizihamishia sebuleni hufanya kazi vizuri. Taa ya LED ya barazani nayo nikiizima haizimiki kabisa, bali hubaki ikimetameta kama kimulimuli, jambo ambalo limemfanya mama yangu mzazi aanze kuiombea nyumba. Tena umeme ukikatika na inveta ikachukua nafasi, hakuna moduli inayosikia chochote. Fundi niliyemwita alibadilisha breka mbili, akalipwa, akaondoka, na hali ikabaki vile vile. Naomba mwenye uzoefu anielekeze kabla sijavirudisha vitu hivi kwenye boksi.

Fundi wa Gangilonga, Iringa

Mwalimu, shikamoo. Usivirudishe. Kwa maelezo yako, vifaa ni vizima, ila nyaya zako zina mengi ya kubeba kwa wakati mmoja.

Umeme wetu wa hezi 50 hupita kwenye volti sifuri mara 100 kila sekunde. X10, ambayo ilibuniwa mwaka 1975 na Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, hutumia upenyo huo: volti inapofika sifuri, kituma ishara hurusha mawimbi ya kilohezi 120 kwa muda wa milisekunde moja, na kuwapo au kutokuwapo kwa mawimbi hayo ndiko kunakoiandika amri. Kila amri hubeba herufi ya nyumba, kuanzia A hadi P, na namba ya kifaa, kuanzia 1 hadi 16, hivyo jumla ya anwani ni 256. Amri nzima huchukua karibu sekunde moja kwa sababu kila sehemu hurudiwa mara mbili, kwa hiyo ukibonyeza kwa pupa, amri moja huikanyaga nyingine. Hilo la kubonyeza mara tano liache.

Kuhusu jioni, jiulize ni nini huchomekwa saa hiyo. Ishara ya X10 ni volti chache tu juu ya zile 230, ilhali televisheni, chaja za kompyuta mpakato, UPS (betri ya akiba ya kompyuta) na ekstensheni zenye kinga ya umeme huwa na kapasita, kijenzi kidogo cha kuhifadhi chaji, kati ya layini na nyutro. Kapasita hiyo imewekwa kwa nia njema ya kuzuia kelele za umeme, lakini mbele ya kilohezi 120 huwa kama tobo kwenye bomba: maji yanatoka tangini, ila bombani kwako yanafika matone. Balbu duni za LED hufanya kosa la pili, yaani huingiza kelele zao wenyewe kwenye waya. Jaribu hivi usiku mmoja: chomoa kila kitu sebuleni, kwa maana kuzima swichi ya kifaa hakutoshi, kisha rudisha kimoja kimoja huku ukijaribu taa baada ya kila kimoja. Ukimpata mwizi, mwekee filta kati ya plagi yake na soketi, au mhamishie kwenye fezi ambayo hutumii X10.

Vyumba vya uani ni suala tofauti kabisa, na hapo ndipo aliyebadilisha breka alipopotea njia. Bila shaka vipo kwenye fezi nyingine. Ili ishara iliyozaliwa kwenye fezi ya sebuleni ifike huko, inabidi isafiri hadi kwenye transfoma ya mtaani na kurudi, na ikirudi huwa imebaki mnong'ono. Waliobuni X10 walilifikiria jambo hili, ndiyo maana kituma ishara hurudia mawimbi mara tatu ili yalingane na sifuri ya kila fezi, lakini bado ishara yenyewe inahitaji daraja la kuvukia. Daraja hilo ni kiunganishi cha fezi kinachofungwa kwenye DB, yaani boksi la breka, na kwa nyumba kubwa ni bora kile kinachoipokea ishara na kuitoa upya ikiwa na nguvu. Kifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakichomelea kapasita ya redio ya zamani kati ya fezi na fezi, wakisahau kwamba hapo pana volti 400 na si 230.

Mfugaji wa Njombe

Mwalimu, pole na hongera kwa wakati mmoja. Kimulimuli chako nakifahamu, maana nilikuwa nacho. Moduli ya kupunguza mwanga hutumia triaki, yaani swichi ya kielektroniki, ambayo hata ikizimwa huachia mkondo mdogo upite. Balbu ya zamani ya waya haiutambui mkondo huo, lakini LED hujikusanyia kidogo kidogo, ikapiga mwanga, ikaanza upya. Hamishia taa hiyo kwenye moduli ya rilei, ile inayolia "tak". Baadhi ya moduli za rilei nazo hupitisha mkondo kidogo ili zijue kama kifaa kimewashwa kwa swichi yake, na ukikutana na ya namna hiyo, funga balbu ndogo ya waya sambamba na LED. Mimi nilifanya hivyo na kimulimuli kikaisha.

Lakini kuna jambo ambalo fundi hajalitaja. X10 ya kawaida hutuma bila kupokea jibu. Unabonyeza, unaamini imefika, basi. Mwezi Julai, na baridi ya huku mnaijua, niliweka taa za vifaranga kwenye moduli mbili ili niziwashe nikiwa kitandani. Usiku mmoja amri haikufika na mimi nikalala nikijua zimewaka. Asubuhi nilikuta vifaranga wamerundikana kwenye kona moja, na wengi wa chini walikuwa wamekufa. Tangu siku hiyo taa za vifaranga zina themostati yake, na X10 imebaki kwa taa za nyumbani na redio. Hita ya maji usiiweke huko, wala pampu, wala kitu chochote ambacho kisipozimika kitaleta hasara.

Kijana wa Mwanjelwa

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima, kwa nini usihamie kwenye vifaa vya Wi-Fi? Siku hizi swichi hizo zinapatikana kwa urahisi, fezi hazizihusu, na simu hukuonyesha kama taa imewaka kweli.

Fundi wa Gangilonga, Iringa

Kijana ana hoja, hasa hiyo ya kupata jibu. Hata hivyo, kuta za matofali ya kuchoma hupunguza sana Wi-Fi inapokwenda uani, na mwalimu tayari anavyo vifaa mkononi. Mtu akianza leo kutoka sifuri, nitamshauri kama ulivyoshauri wewe.

Mwalimu, inveta nilikuwa nimeisahau. Kama ni ya bei nafuu, huenda umeme wake ni wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, kwa hiyo moduli haiipati ile sifuri inayoisubiri. Angalia pia kama kituma ishara kimechomekwa upande unaolishwa na inveta, kwa sababu kikiwa upande wa pili hakina hata umeme wa kukiwasha. Na endapo mtu atakuletea moduli za Marekani, usizichomeke kabisa, kwa kuwa ni za volti 120 na hezi 60. Zitaungua siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa Uyole

Marahaba wote, na asanteni sana. Jana usiku nilichomoa kila kitu na taa zote za mbele zikatii mara moja. Nilianza na televisheni, nikaamini ndiye mwizi, lakini haikuleta tatizo. Mwizi alikuwa ekstensheni yenye kinga ya umeme niliyoinunua kwa ajili ya radi za masika, ambayo huchomekwa jioni watoto wanapoanza kufanya kazi zao kwenye kompyuta. Nimeihamishia kwa muda kwenye soketi ya uani, yaani fezi nyingine, na sebule imetulia hadi saa nne usiku.

Taa ya barazani nimeiweka kwenye moduli ya rilei na haimetameti tena. Inveta ni ya ngazi ngazi kweli, imeandikwa hivyo ubavuni, kwa hiyo hilo nimelikubali. Kilichobaki ni kiunganishi cha fezi. Fundi wa Gangilonga, ukija Mbeya naomba unijulishe mapema, kwa sababu DB yangu imejaa na sioni nafasi ya kukifunga bila kuongeza boksi la pembeni.