Faini ya paking, wenye kipato kidogo hawapunguziwi?

mama_matoke: Wadau habari zenu, nilisimamisha pikapu kando ya barabara pale Nakasero, Kampala, nishushe matoke, kurudi nakuta trafiki kashaandika karatasi ya faini, na hela niliyo nayo ndo mtaji wa kesho. Hakuna punguzo kwa sie wa hali ya chini jamani?

boda_ndeeba: Pole dada. Faini za papo kwa papo kiwango ni kimoja tu, uwe na Prado au pikapu bovu. Unalipa kwa PRN (namba ya malipo) ya URA, mamlaka ya mapato Uganda, benki au kwa simu. Usimpe askari pesa mkononi! Kama unaona umeonewa usilipe, kataa uende kortini, ila ujue siku nzima ya biashara imekwenda.

kaka_wa_jinja: Wenzetu Chicago wana mpango, mwenye kipato kidogo akiomba anapunguziwa deni la tiketi za faini. San Francisco unaweza kulipa kwa kufanya kazi za jamii. Hapa kwetu nani ataleta hiyo, wabunge wanaopaki popote?

mama_matoke: Ahsanteni, ngoja nikope kwenye sako nilipe, korti siiwezi.