Sofa la namna hii mnaliitaje?

Fundi wa Keko
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi fundi sofa, huu mwaka wa 14 niko hapa Keko. Wiki iliyopita mteja kaniletea picha kwenye simu: kitambaa cha dhahabu kinachometameta, vifungo vya kioo mgongo mzima, vichwa vya simba miguuni, na juu kabisa taji. Nikapiga kazi, nikalipwa changu. Tunalipakia kwenye kirikuu, mama wa chai akalitazama: "Mh! Mbwembwe hizo." Kijana wangu akabisha, eti huo ni ulimbukeni. Sasa kitu kilichorembwa mpaka kikachusha, neno lake ni lipi? Nisije nikamtukana mteja bure.

Mzee wa Pangani
Marahaba. Mbwembwe anazo mtu: mwendo, maneno, bwana harusi anayeingia ukumbini na matarumbeta. Limbukeni naye ni mtu. Limetoka kwenye kulimbua, kuonja mazao mapya. Huyo kaonja jana, leo anataka mtaa mzima ujue. Sofa utasema "la kilimbukeni", ila hapo aliyetukanwa ni mwenye sofa.

Binti Kisauni
Tena msichanganye na nakshi. Tazameni mlango wa Lamu: fremu, kizingiti cha juu na mfaa, ule mti wa katikati, vimechongwa hadi macho yanachoka, lakini mbao zenyewe mara nyingi zimeachwa wazi. Fundi alijua pa kunyanyua patasi. Hilo sofa lako jicho lipumzike wapi?

Jirani wa Kayole
Nairobi tungesema ni ya kishamba, basi.

Fundi wa Keko
Kishamba silitumii, ndugu yangu. Mimi nimetoka Namtumbo, na viti vya mninga vya babu havina hata kifungo kimoja. Simba hawa wametoka mjini.

Mzee wa Pangani
Sema "madoido", fundi. Hilo linakaa kwenye kitu na halina kisu ndani. Hata mchezaji akipiga chenga za madoido tunashangilia. Ubaya unauongeza mwenyewe: madoido yamezidi.

Fundi wa Keko
Mteja kapiga simu leo, anataka stuli mbili za kuendana nalo. Nimemwambia taratibu, "Bosi, madoido yamezidi kidogo." Kacheka sana. Kasema stuli niziwekee na mikia.