Acheni kupakia GNOME (muonekano mzito wa dawati la mfumo endeshi wa Linux) kwenye mashine ya RAM GB 2 halafu mnasema Linux nzito!

Wakuu, hii tabia inaudhi. Mashine ya mwaka 2010, RAM GB 2, HDD (diski ya kuzunguka) ileile ya kiwandani, fundi anaipakia GNOME kamili kwa sababu ndiyo anayoijua. Ikianza kujikokota, mwenye mashine anaambiwa "hii imekwisha, nunua mpya". Imekwisha wapi? Hamjaipima!

Iwasheni kwa flashi yenye Linux bila kusakinisha kitu, fungueni terminali, andikeni `lsblk -d -o NAME,ROTA`. Mbele ya sda (kwa kawaida diski ya kwanza) kukiwa na 1, hiyo ni HDD; 0 ni SSD, diski isiyozunguka. Kisha pakueni smartmontools (zana za kupima afya ya diski) mpige `sudo smartctl -A /dev/sda`. Tazameni mstari wa Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho ikizidi 0, kuna sehemu za diski zisizosomeka. Mashine inaganda kila diski inaporudia kusoma pale pabovu, nanyi mnabadilisha distro (matoleo ya Linux) tatu mkitafuta mchawi. Okoeni mafaili kwanza, kisha fungeni SSD ya SATA ya inchi 2.5. Hakuna kitu kingine kitakachoibadilisha mashine hiyo kiasi hicho.

Kwa GB 2, wekeni madawati mepesi, Xfce au LXQt. Kwenye distro ya Debian ongezeni zram-tools, ndani ya `/etc/default/zramswap` andikeni ALGO=zstd na PERCENT=50, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Data isiyotumika sana inabanwa humohumo ndani ya RAM badala ya kusukumwa diskini. Lakini msimdanganye mtu kwamba RAM imeongezeka: vichupo 15 vya kivinjari vitaizamisha tu. Nafasi ya pili ya kuchomekea RAM ikiwa wazi, ijazeni, na mashine inayodai RAM aina ya DDR3L ya volti 1.35 msiichomekee DDR3 ya volti 1.5.

La wifi ndilo linalochefua kuliko yote. Kadi nyingi za zamani za Broadcom zinahitaji faimuweya (programu ndogo inayoiendesha kadi) ambayo leseni hairuhusu Debian kuigawa, kwa hiyo kifurushi cha firmware-b43-installer huishusha mtandaoni wakati wa kusakinisha. Sasa mtu asiye na wifi ataishushaje? Nanyi mnamkabidhi mashine hivyohivyo! Pigeni `lspci -nn | grep -i net` mapema mjue kadi ni ipi, washeni repo (hazina ya programu) ya contrib, chomekeni simu kwa waya wa USB na muwashe kushiriki intaneti kwa USB. Mashine itaiona kama mtandao wa waya. Sakinisheni kifurushi hicho, zimeni, washeni, na msimkabidhi mtu mashine kabla wifi haijashika.