Mjadala: Tozo ya madaraja ya Louisville, punguzo ni la nani?

Mleta mada: Wakuu mlioko Louisville, Kentucky, wengi wetu tunavuka mto Ohio kwenda kwenye maghala ya Jeffersonville, upande wa Indiana. Tujadili bila jazba.

Tozo ilianza mwishoni mwa Desemba 2016 kwenye madaraja matatu: Kennedy, Lincoln na Lewis and Clark. Hakuna kibanda, mitambo inasoma kibandiko cha malipo kilichobandikwa kwenye kioo cha gari, au kamera inapiga picha namba ya gari. Bei ya mwanzo kwa gari dogo ilikuwa dola 2 ukiwa na kibandiko, dola 4 ukiwa huna akaunti, na hupanda kila Julai. Sina ugomvi na tozo yenyewe. Mkopo wa ujenzi lazima ulipwe.

Ugomvi wangu ni punguzo. Ukivuka mara 40 kwa mwezi (kwenda na kurudi ni mara mbili), safari zote unalipa nusu bei. Mwenye kazi ya siku 5 kwa wiki anafikisha. Sasa sisi wa shifti za saa 10, siku 4? Wiki nne ni mara 32. Kwa bei ile ya mwanzo, wa mara 40 analipa dola 40, wa mara 32 analipa 64. Aliyevuka kidogo ndiye anayelipa zaidi! Hesabu gani hii?

Mzee wa Mtoni: Kijana, nani kakulazimisha? Daraja la Sherman Minton ni bure, la Clark Memorial pia bure. Pita huko.

Mama Shifti: Shikamoo mzee. Anayekaa katikati ya mji sawa. Sisi wa mashariki tukizungukia huko, mafuta na muda nani anatufidia? Na Sherman Minton si lilifungwa ghafla 2011 kwa sababu ya nyufa?

Mgeni Mjini: Mnabishania punguzo, wenzenu hata kibandiko hatujui. Kumbe kile cha hapa kinatolewa bure! Mtu kanunua gari lake la kwanza, bili inakwenda kwa posta, tena nyumba aliyokwisha kuhama. Asipolipa, usajili wa gari unazuiwa.

Mleta mada: Mgeni, hilo nalo zito, wa dola 4 ndio nyie. Mzee, marahaba zako umezisahau kwa Mama Shifti, ila hoja yangu hujaijibu: kwa nini punguzo lisiende kwa ngazi, mara 20 kidogo, mara 30 zaidi? Bei inapangwa na majimbo yote mawili kwa pamoja. Anayejua vikao vyao ni lini aweke hapa, twende na hesabu zetu.